UZI: Massey 240 imebadilishwa klachi Juni, leo inateleza tena. Nishaurini kabla sijaikata mara ya pili

#1 Mkulima_Ngomeni
Wakuu salaam, poleni na majukumu. Nipo Ngomeni hapa, ukitoka Muheza unaelekea Tanga mjini, jirani na Mlingano kwenye utafiti wa mkonge. Nina Massey Ferguson 240, ile ya pistoni tatu injini ya Perkins, nilinunua mkononi mwa mtu mwaka juzi. Mwezi wa sita mwaka jana ilianza kuteleza klachi, nikaita fundi akaikata, yaani akaachanisha injini na gia boksi, akaweka pleti kubwa ya klachi mpya, akafunga, ikavuta vizuri sana nikalima vuli yote bila neno.

Sasa wiki iliyopita nipo Kabuku, nimepata kazi ya ekari kama 40, masika inanukia na kila mtu anataka shamba lake lilimwe leo siyo kesho, ekari ya tano tu nimeshika kamwinuko na plau ya diski 3, nasikia injini inapanda mlio lakini trekta haiendi, halafu harufu, ile harufu ya breki za basi linaloteremka kutoka Soni kwenda Mombo. Nikipunguza kina cha plau inatembea, nikishusha inasimama. Nikarudi nyumbani kwa gia ya chini kama nimebeba mayai.

Fundi anasema pleti ilikuwa feki, aliyeniuzia pleti anasema fundi hajui kufunga. Mimi nimebaki katikati na wateja wananipigia simu. Swali langu ni moja, ninunue tena pleti nifunge au kuna kitu kingine cha kuangalia?

#2 Mchokozi_Raskazoni
Waja leo waondoka leo, hiyo klachi ni ya Tanga kabisa mkuu 😂😂

#3 FundiPongwe
Mkuu usinunue kitu chochote bado. Watu wanakimbilia pleti kama watu wanavyokimbilia panadol. Nijibu kwanza maswali mawili.

La kwanza, pedali ya klachi ukiibonyeza kwa mkono ina uchezaji pale juu kabla haijaanza kuwa nzito? Kama haina kabisa, rilizi beringi (ile inayosukumwa na pedali) inakaa imevikandamiza vidole vya presha pleti (chuma kinachobana pleti ya klachi) muda wote, klachi haijafunga sawasawa, lazima iteleze na wala siyo kosa la pleti. Hiyo unarekebisha kwa spana nje kwa dakika kumi, hukati trekta.

La pili, ingia chini ya trekta, pale injini inapokutana na gia boksi, sehemu ya chini kabisa ya nyumba ya klachi utaona kitundu kina kijipini cha kukunja, wengine tunakiita splitipini, kinaning'inia kinachezacheza. Hakijasahauliwa hapo, kimewekwa makusudi ili tundu lisizibe tope. Kichomoe, weka sahani au kipande cha boksi chini usiku kucha, asubuhi tuambie umekuta nini.

#4 Suka_wa_Kabuku
Mi naendesha trekta mwaka wa 11 huu. Mkulima na wewe tuambie ukweli, anayeendesha ni nani? Maana kuna vijana wanaliendesha trekta kama bodaboda, mguu haubanduki kwenye klachi toka asubuhi mpaka adhuhuri, kakanyaga nusu anasubiri tanboi aondoe kisiki, pleti gani itavumilia hiyo. Na msije mkasema madereva wote, nasema baadhi.

#5 Mkulima_Ngomeni
Fundi asante sana. Uchezaji upo, pedali inashuka kidogo ikiwa nyepesi ndio inakuwa nzito, nimepima kwa kidole naona upo wa kutosha.

Suka anayeendesha ni mpwa wangu na mguu anao mzito kweli sikatai, nimeshamsema mpaka mama yake akaniambia basi. Lakini hata nikipanda mimi inateleza.

Hicho kijipini nimekiona leo, miaka miwili nina trekta sikuwahi kujua kipo. Kilikuwa kimeganda na tope la mafuta, nimekichomoa kwa koleo yakatoka mafuta meusi kama vijiko vitatu hivi, halafu yakawa yanadondoka tone tone. Nimeweka boksi. Hii ina maana gani?

#6 Mzee_wa_Katani
Mwanangu, nimefanya kazi karakana za mashamba ya mkonge tangu ujana wangu, na hayo matone ndiyo jibu la swali lako. Pleti yako imelowa. Kitambaa cha klachi kinakunywa mafuta kama sponji, na kikishakunywa hakishiki tena hata kiwe kimetoka kiwandani jana.

Sasa kabla hujaikata ujue mafuta ni ya wapi, maana njia ni mbili. Ya kwanza ni injini, sili ya nyuma ya krenki, ile shafti kuu ya injini. Ya pili ni gia boksi, sili za shafti zinazoingia kwenye klachi, na kwa trekta yako zipo mbili maana kuna shafti ndani ya shafti. Chukua hayo mafuta kwenye vidole. Ya injini ya dizeli yanakuwa meusi, mepesi, ukisugua vidole vinabaki na weusi kama masizi. Ya gia boksi rangi yake huwa ya asali iliyochafuka, au ya maziwa kama yameingiwa na maji, mazito kidogo, na harufu yake nyingine kabisa. Nusa. Pua ya fundi ni kipimo.

#7 Mkulima_Ngomeni
Shikamoo mzee. Meusi kabisa, vidole mpaka sasa sabuni haijavitoa. Kwa hiyo injini?

#8 Mzee_wa_Katani
Marahaba. Injini. Na huyo aliyeifungua mwezi wa sita aliyaona mafuta hayo, haiwezekani asiyaone. Alifuta akafunga.

#9 Dogo_Mkinga
Wakuu kwani huwezi kuiosha hiyo pleti kwa petroli? Huku Maramba kuna jamaa alitoa pleti akaiosha petroli akaipiga moto kidogo mafuta yakatoka akarudisha kazini.

#10 FundiPongwe
Dogo hiyo inafanya kazi siku tatu. Ukiipasha moto yale yaliyo juu yanatoka, ya ndani yanabaki, klachi ikipata joto shambani yanapanda tena juu. Unakata trekta zima kwa ajili ya siku tatu? Na ule unga wa pleti kuukuu usiupulize kwa kompresa wala kwa mdomo, lainingi, yaani vile vitambaa vya klachi, za zamani nyingi zilikuwa na asbestosi, futa kwa kitambaa kibichi utupe.

#11 Babu_Spea
Kama bajeti haipo apeleke pleti ikavikwe lainingi mpya, mjini wapo wanaorivet vizuri. Pleti za dukani siku hizi nyingi ni bati na gundi.

#12 FundiPongwe
Babu Spea hapo nakubali nusu. Kurivet sikatazi, nimevika nyingi na zimedumu, masharti yake bati liwe halijapinda, springi za katikati ziwe hazichezi, na meno ya katikati yawe hayajalika. Ukiivika lainingi pleti iliyolika meno ni kama kumvalisha suti mtu anayeumwa. Lakini kwa huyu ndugu sijafika huko, kwanza tufungue tuone.

#13 BintiMachungwa
Samahanini naingilia. Mimi nina shamba la machungwa Muheza, trekta nalitumia zaidi kufyekea majani kwa slasha katikati ya mistari. Dereva wangu akikanyaga klachi trekta inasimama lakini slasha inaendelea kuzunguka, mpaka akanyage kwa nguvu mpaka chini ndio inasimama. Je ni ugonjwa? Nami ni Massey ya aina hiyohiyo.

#14 FundiPongwe
Dada huo siyo ugonjwa, huo ndio uzuri wenyewe. Klachi yako ni ya hatua mbili, pleti mbili ndani ya presha moja. Ukikanyaga nusu unakata mwendo wa trekta, pleti kubwa inaachia, lakini ile ndogo ya PTO (shafti ya nyuma inayozungusha slasha) na pampu ya haidroliki bado imeshika, ndio maana unaweza kusimama majani yakiwa mengi slasha ikafyeka kwanza ndio uendelee. Ukikanyaga mpaka chini unakata vyote. Hata lifti ya nyuma inagoma kupanda ukiwa umekanyaga hadi mwisho, wengi wanadhani haidroliki imekufa kumbe mguu wao.

#15 BintiMachungwa
Ahsante kaka fundi, nilikuwa nishamwita mtu aje Jumatatu 🙈

#16 Mkulima_Ngomeni
Basi wakuu nimeamua, naikata. Fundi wa mwanzo simrudii, nimempata kijana mmoja wa Pongwe (siyo FundiPongwe wa humu, ingawa angekuwa yeye ningefurahi). Nina mwembe mkubwa uani, nafikiria nifunge chenibloku kwenye tawi tuning'inize injini. Wazo langu likoje?

#17 Mzee_wa_Katani
Usifanye hivyo. Tawi la mwembe linakatika bila kutoa taarifa, siyo kama mti mwingine unaolia kwanza. Nimeona kwa macho yangu, bahati mtu alikuwa amekwenda kunywa chai. Injini na ekseli ya mbele ni zaidi ya nusu tani, huhitaji kuining'iniza. Ina magurudumu yake mbele, itembeze.

#18 FundiPongwe
Mzee kamaliza lakini ngoja nieleze, maana watu wengi huharibu kazi hapa kabla hata hawajaifikia klachi.

Tafuta sakafu ya zege au ardhi ngumu iliyo sawa, siyo mchanga. Magurudumu makubwa ya nyuma weka mawe mbele na nyuma. Halafu hili ndilo watu wanasahau, ekseli ya mbele ya Massey inaning'inia kwenye pini moja katikati ili ipande na kushuka shambani, ukishaachanisha injini na gia boksi nusu ya mbele inaweza kulala ubavu ikakuponda. Chonga kabari mbili za mbao ngumu, mninga au mkarati, uzigonge kati ya ekseli na ubebeo wake, kulia na kushoto, mpaka isiteteme. Bila kabari usilegeze boliti hata moja.

Toa betri, toa boneti, funga dizeli uchomoe mipira, tangi mimi huwa nalishusha kabisa sipendi kubahatisha. Waya za stata, taa, geji ya joto, bomba la presha ya oili, fimbo ya kuongezea mafuta (akseli), kebo ya mita. Zile fimbo ndefu mbili za steringi zinazotoka kwenye boksi ya steringi kwenda mbele zifungue upande wa mbele, maana boksi ya steringi inabaki nyuma na gia boksi. Piga picha kila kitu kwa simu kabla ya kufungua, simu ni kitabu cha bure. Mafuta ya gia boksi huna haja ya kumwaga.

Gia boksi iwekee magogo imara chini, siyo jeki peke yake. Injini iwekee jeki yenye magurudumu chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) na ubao juu yake, jeki ikigusa sampu tupu unaweza kuiharibu. Halafu boliti zote za kuzunguka, toa, sukuma mbele taratibu watu watatu, mmoja wa kuangalia tu asiguse kitu. Ikigoma usipige nyundo, kuna boliti moja umeisahau. Ipo siku zote.

#19 Dogo_Mkinga
"Ipo siku zote" 😂😂 kweli kabisa

#20 Suka_wa_Kabuku
Na mpwa wako awepo aone, akishapaka mafuta mpaka kwenye kope ataondoa mguu kwenye klachi mwenyewe.

#21 Mkulima_Ngomeni
MREJESHO. Wakuu kimya changu msikione vibaya, siku mbili nipo chini ya trekta.

Jana saa moja asubuhi tulianza, kabari tumechonga za mninga kama mlivyosema, fundi kijana akacheka mwanzoni baadaye akaona nusu ya mbele inavyotaka kulala kabla hatujazikaza akanyamaza. Ilipofika kusukuma ikagoma, tukatafuta ile boliti, na kweli ilikuwepo, juu karibu na stata imejificha kwenye grisi. Saa saba mchana trekta ikawa mbili.

Ndani sasa. Nyumba ya klachi yote nyeusi inang'aa. Pleti kubwa niliyoiweka Juni imelowa chapachapa, kitambaa bado kinene kabisa, kipya, yaani hata robo haijalika lakini imeungua juu imekuwa kama kioo. Kwa hiyo pleti haikuwa feki, nilimtukana yule muuzaji bure na leo nimempigia simu nikamwomba radhi. Pleti ndogo ya PTO ile ya zamani haikuwa imebadilishwa kabisa, imebaki bati na riveti. Rilizi beringi ukiizungusha inalia kama tetere. Flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini ambalo pleti inabanwa juu yake, ina madoa ya bluu ya moto na vijinyufa kama nywele.

Fundi kaifungua flaiwili, aliweka alama ya patasi kwanza ili irudi ilipokuwa, ile kitu nzito wakuu tuliishika wawili, na nyuma yake ndio tukaona, mafuta yanachuruzika kwenye sili ya krenki kama jasho. Sili yenyewe ni kamba, nusu mbili. Sijawahi kujua kama mafuta ya injini yanazuiwa na kamba.

#22 Mzee_wa_Katani
Ndiyo, hizo Perkins za pistoni tatu nyingi zina sili ya kamba, na ikifungwa vizuri inakaa miaka mingi. Sasa mwambie kijana wako hivi. Kamba aipake grisi ya grafaiti, aikandamize ndani ya nusu zake kwa mpini laini wa mviringo, aanze kukalisha ncha mbili, halafu ndio sehemu ya katikati. Ncha zisikatwe sawasawa na chuma, zibaki zimechomoza kidogo, kati ya 0.25 na 0.5 milimita kila upande, ili nusu mbili zikikutana zibanane zenyewe. Mafundi wengi wanakata kwa wembe zikawa sawa na chuma halafu wanashangaa inavuja.

Na jambo jingine ambalo hakuna aliyeliuliza humu. Kamba haifi yenyewe tu. Bomba la injini la kupumulia umeliangalia?

#23 Mkulima_Ngomeni
Bomba gani mzee?

#24 Mzee_wa_Katani
Kuna bomba linatoka juu ya injini linateremka ubavuni mpaka chini, wazi mdomoni, kazi yake kutoa hewa inayopita kwenye ringi za pistoni. Likiziba, presha inajaa ndani ya injini na mafuta yanatafuta pa kutokea, na penye udhaifu zaidi ni sili ya nyuma. Pitisha waya.

#25 Mkulima_Ngomeni
Mzee wangu. Mzee wangu. Nimepitisha waya imegota. Nimelichomoa lile bomba nikaligonga chini limetoka tope gumu na ndani yake vijumba vya wale nyigu wanaojenga kwa udongo, vitatu, na lami ya mafuta juu yake. Trekta ilikaa bandani toka Januari nilipomaliza vuli mpaka juzi naitoa. Na mwaka jana pia ilikaa hivyohivyo kabla ya mwezi wa sita.

Nimekaa chini kwanza.

#26 Mchokozi_Raskazoni
Nyigu wamekula ekari 35 za Kabuku 😭😭 hii naisimulia kijiweni leo

#27 FundiPongwe
Mzee heshima yako. Mimi hilo la bomba ningelisahau, nakiri hadharani.

Mkulima, ufunge nini na nini. Sili ya kamba mpya. Pleti zote mbili mpya, kubwa na ndogo, usibakize moja ya zamani ukaja kukata tena kwa ajili yake. Rilizi beringi mpya, na usije ukaiosha kwa dizeli kabla ya kufunga, grisi yake ipo ndani imefungwa ukiiosha umeiua. Ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili inayoshika ncha ya shafti, nayo badilisha, bei yake ni kama chakula cha mchana na ndiyo inayopiga kelele baadaye. Na sili za shafti za gia boksi, hata kama hazivuji leo, umeshafika mlangoni kwake.

Flaiwili peleka lezi (mashine ya kuchongea chuma) ikachongwe ipate uso safi. Kama uso wake una ngazi, yaani sehemu presha inapokaa iko tofauti na sehemu pleti inaposuguana, mwambie mchongaji atoe kiasi kilekile sehemu zote mbili, akichonga uso tu na kuacha ngazi unakuwa umepunguza nguvu ya presha na itateleza tena utarudi kwenye uzi huu. Vijinyufa vidogo vikiisha kwenye lezi sawa, vikiendelea kuingia ndani tafuta flaiwili nyingine.

#28 Babu_Spea
Nunua seti kwa kupeleka ya zamani mkononi, hesabu meno ya katikati kimojakimoja, pima upana kwa futi. Usimwambie tu muuzaji "ya Massey 240" maana hizi trekta zimeshabadilishwabadilishwa na kila aliyepita nazo. Niliwahi kupelekewa kwa basi kutoka Dar pleti ya meno tofauti, nikairudisha, ikarudi tena ileile. Duka silitaji.

#29 Mkulima_Ngomeni
Nimepeleka flaiwili mjini Ngamiani kwa mzee mmoja wa lezi, kaipima kaitoa kidogo sana, nyufa zimeisha, uso kama kioo cha kujitazamia. Ngazi haina, ni bapa. Vifaa vyote nimepata, nimehesabu meno mara tatu mpaka muuzaji akauliza kama mimi ni mwalimu.

Swali, fundi anasema pleti inayo upande wa kuangalia mbele na wa kuangalia nyuma lakini hakumbuki upi, na mimi kwa furaha ya kuvua sikupiga picha hiyo moja tu. Picha 60 nimepiga, hiyo hamna.

#30 FundiPongwe
Hahaha pole. Angalia pleti mpya vizuri, nyingi zimeandikwa kwenye chuma upande wa flaiwili. Kama haina maandishi, iweke kwenye flaiwili bila presha, zungusha kwa mkono. Ukiigeuza vibaya kifua cha katikati kinagusa boliti za flaiwili, utasikia inakwaruza. Ile ya zamani nayo ina ushahidi, tazama upande upi una alama ya kusuguliwa na presha.

Na usikaze presha kabla hujapanga pleti katikati. Kama hamna kifaa cha kupangia, mchongaji wa lezi akutengenezee cha mti mgumu kwa vipimo vya shafti, siyo kubahatisha kwa jicho. Vidole vya presha vitatu vyote viwe urefu mmoja, pima toka kwenye uso wa flaiwili, kimoja kikiwa juu utaona trekta inashtuka ukiachia klachi.

#31 Suka_wa_Kabuku
Na wakati wa kuunganisha usivute kwa boliti!!! Niliona trekta nyumba ya klachi imepasuka kwa mtu kuvuta kwa spana huku meno hayajaingia.

#32 FundiPongwe
Sahihi. Boliti mbili ndefu zikate vichwa uzifunge kulia na kushoto ziwe reli. Sukuma, ikisimama mtu mmoja azungushe PTO nyuma kidogo, mwingine azungushe injini kwa feni, meno yatajipata yenyewe. Mwanya wa mwisho ufungwe kwa mikono, boliti ni za kukaza tu.

#33 Mkulima_Ngomeni
Imeingia!!! Saa kumi na moja jioni. Ilikataa dakika arobaini, mpwa wangu akazungusha PTO huku anaimba, ikasema "tukuu" ikaingia yote mpaka mwisho. Nyama ya mbuzi ipo jikoni.

#34 Mkulima_Ngomeni
Wakuu nimerudi na simcheki mtu. Asubuhi tumewasha. Inavuta, haitelezi, nimeikokota na plau kwenye kipande kigumu nyuma ya nyumba imekwenda. LAKINI nikikanyaga klachi mpaka chini PTO haisimami, inazunguka taratibu, na gia ya kurudi nyuma inakwaruza kuingia. Fundi kakaa kimya halafu kasema "tutakata tena". Mimi sikati tena. Naiuza hivihivi.

#35 FundiPongwe
Usiuze na usikate. Tulia. Kabla ya kukata fundi yeyote aangalie nje. Mtu mmoja akanyage pedali mpaka chini, wewe lala ubavuni utazame mkono wa klachi unaoingia kwenye nyumba. Pedali inatembea kiasi gani kabla mkono haujaanza kusogea?

#36 Mkulima_Ngomeni
Pedali inatembea kama nusu ya njia yake mkono haujagusika. Pini ya kuunganishia imelika imekuwa kama mfupa ulioguguniwa na tundu lake limekuwa yai.

#37 Mzee_wa_Katani
Basi nguvu ya mguu wako inaishia kwenye hilo yai. Na ule uchezaji uliotuambia mwanzo kuwa upo wa kutosha, kumbe ndio huo. Jaza tundu kwa weldi, toboa upya kwa kipimo cha pini mpya, halafu uchezaji wa pedali urekebishe upya kwa kitabu. Shafti ya pedali nayo itikise, ikicheza juu na chini weka bushi.

#38 BintiMachungwa
Jamani mimi nasoma huu uzi usiku kucha kama tamthilia

#39 Mkulima_Ngomeni
Imepona. Mtu wa weldi hapa Ngomeni kajaza, kachonga pini kwa kipande cha shafti ya zamani ya pikipiki, tumerekebisha uchezaji. Nusu pedali trekta inasimama PTO inaendelea, mpaka chini vyote kimya, gia ya nyuma inaingia kama kisu kwenye samli. Kesho alfajiri naondoka Kabuku, wateja 2 wameshachukua trekta nyingine ila wengine wamenisubiri. Mdomo wa bomba la kupumulia nimeufunga na kipande cha wavu wa chandarua, hewa inatoka nyigu haingii, mzee naomba unikosoe kama nimekosea.

#40 Mzee_wa_Katani
Chandarua kitashika mafuta na vumbi kizibe. Tumia wavu wa waya wa chujio, na uutazame kila unapobadilisha oili.

#41 Mkulima_Ngomeni
Sawa mzee, nimebadilisha leo leo.

#42 Mkulima_Ngomeni
Wiki ya tatu wakuu, nipo Kabuku bado, ekari 31 zimekwisha, mvua imetukimbiza mara mbili. Kijipini nakiangalia kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Kikavu, kina vumbi jekundu la Handeni tu.

#43 BintiMachungwa
Na mimi nimeingia chini ya la kwangu leo na tochi. Kijipini hakipo kabisa, kuna tundu tupu, na chini yake kwenye sakafu pamelowa.

#44 FundiPongwe
Rangi gani dada?

#45 BintiMachungwa
Subiri niende ninuse.